Degedege, Ganzi na Kupooza Baada ya Chanjo: Namna ya Kutambua, Kutoa Taarifa na Kupata Majibu

Somo hili linahusu jambo ambalo wazazi wengi hulisemea chini chini na wahudumu wengine huogopa kulitamka: mtu amechanjwa, kisha siku chache baadaye akapatwa na degedege, udhaifu wa miguu au kupooza. Tumeliandika kwa sababu ukimya juu ya jambo hili una gharama. Aliyedhurika hukosa msaada, na chanjo isiyo na kosa hubebeshwa lawama isiyo yake.

Tuanze na mfano. Tumeutunga kwa ajili ya kufundishia, lakini mambo yaliyomo ni ya kawaida katika nyumba zetu. Mama mmoja wa Nyakahanga, wilayani Karagwe, anampeleka mwanawe wa miezi tisa kliniki, na mtoto anachomwa chanjo ya surua na rubela. Usiku wa siku ya nane homa inapanda. Mtoto anakaza viungo, macho yanageuka, anatetemeka kwa muda wa dakika mbili hivi, kisha analala usingizi mzito. Mama mkwe anasema, “Mwanangu, ni ile sindano.” Jirani anasema ni malaria, kwa kuwa mvua zimenyesha na mbu ni wengi migombani. Baba anauliza kama kuna haja ya kurudi kliniki mtoto atakapotimiza miezi 18.

Kila mmoja wao anaweza kuwa na haki katika alisemalo, na hakuna hata mmoja anayeweza kujua kwa kutazama tu. Tutarudi kwao mwishoni.

1. “Baada ya chanjo” na “kwa sababu ya chanjo”

Tukio lolote la kiafya lisilotarajiwa linalompata mtu aliyechanjwa huitwa tukio baada ya chanjo. Jina hili limechaguliwa kwa uangalifu: linaeleza lini jambo lilitokea, wala halisemi nini kililisababisha. Chanzo hutafutwa baadaye, na Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba kitafutwe katika mafungu matano.

Fungu la kwanza ni athari ya chanjo yenyewe, hata kama imetengenezwa na kutolewa ipasavyo. La pili ni kasoro ya utengenezaji. La tatu ni kosa la utunzaji au utoaji, kama vile kuchanganya poda na kimiminika kisichokuwa chake, au kuchoma sindano mahali pasipostahili. La nne ni hofu ya sindano, ambayo huweza kuleta kizunguzungu, kuzimia, ganzi na hata mtikisiko wa mwili. La tano ni sadfa: ugonjwa ambao ungetokea hata kama mtu asingechanjwa.

Mafungu haya hayatofautiani kwa majina tu. Kila moja lina tiba yake. Kasoro ya kiwandani huondolewa kwa kuzuia toleo zima la chanjo lisitumike. Kosa la mtoaji huondolewa kwa mafunzo na usimamizi. Sadfa ya malaria huhitaji dawa ya malaria, tena upesi. Anayekosea fungu hukosea na tiba.

2. Dalili za mfumo wa fahamu zinazofaa kufahamika

*Degedege la homa.* Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, navyo huhitaji siku kadhaa kuzaliana kabla mwili haujavijibu. Ndiyo maana homa yake huja kati ya siku ya 5 na ya 12, wala si usiku uleule wa sindano. Kwa watoto wachache homa hiyo huamsha degedege. Makadirio yanayotumika kimataifa ni takribani mtoto 1 kati ya 3,000. Chanjo ya mseto inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, yenye kinga ya kifaduro ndani yake, huweza kuleta homa na mara chache degedege ndani ya siku tatu za mwanzo. Degedege la homa hutisha sana kulitazama, lakini lile fupi kwa kawaida haliachi ulemavu.

*Kulegea na kutoitika.* Mara chache, ndani ya saa 48 baada ya chanjo yenye kinga ya kifaduro, mtoto mchanga huweza kupauka, kulegea na kutoitika aitwapo. Hali hii hupita yenyewe bila kuacha athari, lakini mzazi hawezi kuipambanua na hatari nyingine. Mtoto apelekwe kituoni mara moja.

*Kupooza kwa ghafla kwa viungo vinavyolegea.* Chanjo ya matone ya polio ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Katika hali adimu mno, inayokadiriwa kuwa mtoto mmoja kwa dozi za kwanza zaidi ya milioni 2, virusi hivyo vimemletea kupooza yule aliyechanjwa au mtu wa karibu naye. Vilevile, mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi hivyo huweza kuzunguka kwa muda mrefu, vikabadilika na kurejewa na nguvu ya kudhuru. Hivyo ndivyo polio ilivyorejea Burundi, ambako mlipuko ulitangazwa Machi 2023, na mkoani Rukwa mwaka huohuo. Kagera, kwa kupakana na Burundi, iliingizwa pamoja na mikoa mingine ya magharibi na nyanda za juu kusini katika kampeni ya matone ya Septemba 2023.

*Ugonjwa wa Guillain-Barré.* Hapa kinga ya mwili hukosea adui na kuishambulia mishipa ya fahamu. Huanza kwa ganzi na udhaifu miguuni, hupanda kwenye mapaja na mikono, na ukifika kwenye misuli ya kupumua huweza kuua. Mara nyingi hufuata maambukizi ya kawaida, kama vile kuhara au mafua. Baadhi ya chanjo zimeonekana kuuongeza kwa kiasi kidogo, kama tutakavyoona.

*Jeraha la mshipa wa fahamu.* Sindano ikichomwa takoni huweza kuugusa mshipa mkubwa ushukao mguuni na kuacha mguu mlegevu. Ndiyo sababu watoto wachanga huchomwa pajani, upande wa mbele kwa nje. Mzazi ana haki ya kuuliza sindano inachomwa wapi na kwa nini.

*Kuzimia na mtikisiko wa hofu.* Hali hii hupata zaidi wasichana na wavulana wa umri wa shule wanaochanjwa kwa makundi. Mwaka 2014, katika mji wa El Carmen de Bolívar nchini Colombia, mamia ya wasichana walizimia na kulalamikia ganzi baada ya chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Uchunguzi haukuona chanzo katika chanjo, lakini picha zilikwisha kuenea, na idadi ya waliochanjwa nchini humo ikaporomoka. Tanzania inatoa chanjo hiyohiyo nchi nzima tangu mwaka 2018, kwa sehemu kubwa shuleni. Walimu wetu wajue hili mapema: binti akizimia, walio foleni wasiachwe wamtazame, naye alazwe pembeni, miguu ikiinuliwa. Dalili zake ni za kweli wala hajifanyi. Asidharauliwe.

3. Mambo manne ambayo historia imetufundisha

Mwaka 1976 serikali ya Marekani iliwachanja watu takribani milioni 45 dhidi ya mafua ya nguruwe. Waliokuwa wakikusanya taarifa waliona wagonjwa wa Guillain-Barré wakizidi, kiasi cha mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila watu 100,000 waliochanjwa, na Desemba mwaka huo kampeni ikasimamishwa. Athari hiyo adimu ilijulikana kwa kuwa madaktari walitoa taarifa hata pale ambapo hawakuwa na hakika.

Mwaka 1974 madaktari wa London waliandika juu ya watoto waliopata maradhi ya ubongo baada ya chanjo ya kifaduro. Wazazi waliogopa, na waliochanjwa wakashuka kutoka karibu asilimia 80 hadi karibu asilimia 30. Kifaduro kikarudi, na watoto zaidi ya laki moja wakaugua mwishoni mwa muongo huo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2006, watafiti wa Australia waliwachunguza watu 14 ambao ulemavu wao ulidhaniwa umetokana na chanjo hiyo. Kati yao, 11 walikuwa na hitilafu ya kinasaba inayosababisha kifafa kikali cha utotoni. Chanjo, kwa kuleta homa, huenda iliamsha degedege la kwanza, lakini maradhi yalikuwa ndani ya mtoto tangu alipotungwa. Taarifa ya kwanza ilikuwa halali. Kosa lilikuwa kuifanya hukumu kabla ya uchunguzi.

Jambo la tatu liko jirani. Mei 2017, katika eneo la Kapoeta nchini Sudan Kusini, watoto 15 walifariki katika kampeni ya surua. Uchunguzi ulionesha kwamba sindano moja ya kuchanganyia ilitumika kwa siku nne na chanjo haikuhifadhiwa kwenye ubaridi. Chanjo yenyewe haikuwa na dosari. Kilichoua ni uchafu ulioingizwa na mikono ya watu. Msomaji akumbuke basi: chanjo ya surua ikishachanganywa hutumika ndani ya saa sita tu, kisha hutupwa.

La nne limetugusa wenyewe. Julai 2021 Tanzania ilipokea dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya Janssen dhidi ya UVIKO-19, na tarehe 28 ya mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua uchanjaji kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani. Wiki mbili kabla ya hapo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imeongeza onyo kwenye maelezo ya chanjo hiyohiyo, kwa kuwa kati ya dozi takribani milioni 12.5 zilikuwa zimepokewa taarifa za awali 100 hivi za Guillain-Barré. Athari ilikuwa adimu, lakini ilikuwepo, na aliyechanjwa alistahili kuijua ili akihisi ganzi miguuni asikae nyumbani akingoja ipite.

4. Hesabu ndogo inayozuia makosa makubwa

Ili kujua kama chanjo imeongeza ugonjwa, yatupasa kwanza kujua ugonjwa huo hutokea mara ngapi pasipo chanjo. Guillain-Barré huwapata watu 1 hadi 2 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Kwa mujibu wa sensa ya 2012, wilaya za Karagwe na Kyerwa kwa pamoja zilikuwa na watu zaidi ya 650,000. Kwa kadiri hiyo, twatarajia wagonjwa 6 hadi 13 kila mwaka, chanjo iwepo au isiwepo. Ukiwachanja watu wote hao kwa siku moja na kuwatazama kwa wiki sita, mmoja hivi ataugua kwa sadfa tu.

Hesabu hii ina pande mbili. Upande mmoja yasema: mgonjwa mmoja baada ya kampeni si ushahidi wa madhara. Upande wa pili yasema: wakitokea watano ndani ya wiki hizo, pana jambo la kuchunguzwa. Lakini nani atawahesabu hao watano ikiwa mmoja amepelekwa kwa mganga wa kienyeji, wa pili amevuka mpaka kutafuta tiba, na wa tatu amefichwa ndani? Taarifa ya mtu mmoja haithibitishi kitu peke yake. Thamani yake huonekana inapowekwa pamoja na nyingine.

5. La kufanya nyumbani

Mtoto akishikwa na degedege, mlaze kwa ubavu mahali pasipo na kitu cha kumjeruhi. Legeza nguo. Usimtie kijiko, kidole wala dawa mdomoni. Usimshike kwa nguvu, usimfukizie moshi, usimmwagie maji. Tazama saa: likizidi dakika tano, au likijirudia, ni dharura. Hata likikoma upesi, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe malaria na achunguzwe homa ya uti wa mgongo. Katika mkoa wenye malaria kama Kagera, kusema “ni chanjo tu” na kubaki nyumbani kwaweza kumgharimu mtoto uhai.

Udhaifu wa miguu unaopanda, kushindwa kumeza, kushindwa kupumua vyema, uso kulegea upande mmoja, au mtoto aliyekuwa akitembea kushindwa kusimama: yote haya yapelekwe hospitali bila kungoja. Kwa walio Nyakahanga na vijiji vya jirani, hospitali teule ya wilaya i karibu. Walio mbali waanzie zahanati, ambako watapewa rufaa.

Nenda na kadi ya kliniki. Humo mna tarehe na aina ya chanjo, nayo tarehe ndiyo humwonesha mchunguzi kama siku zinaoana na athari inayojulikana.

6. Taarifa inavyosafiri

Mwambie mhudumu kwa maneno yaliyo wazi: “Mtoto huyu alichanjwa tarehe fulani, na tatizo lilianza tarehe fulani. Naomba taarifa iandikwe.” Hutakiwi kuthibitisha chochote. Shaka yako yatosha.

Mhudumu hujaza fomu yenye umri wa mgonjwa, aina ya chanjo, namba ya toleo, siku na saa, dalili na matokeo. Tukio zito, yaani kifo, kulazwa, ulemavu au hatari kwa maisha, hupaswa kutolewa taarifa ndani ya saa 24. Taarifa hupita kwa mratibu wa chanjo wa wilaya na mkoa hadi Wizara ya Afya na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambako wataalamu hupima ushahidi: je, siku zinaoana? Je, kuna chanzo kingine? Je, wengine waliochanjwa kwa toleo hilohilo wameugua? Chanjo ilihifadhiwaje? Tanzania ni mwanachama wa mpango wa kimataifa wa kufuatilia usalama wa dawa tangu mwaka 1993, hivyo taarifa inayoanzia zahanati ya Karagwe huweza kulinganishwa na zile za mataifa mengine katika kituo kilichopo Uppsala, Sweden.

Kupooza kwa ghafla kuna utaratibu wake. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 mwenye kiungo kilicholegea ghafla hutolewa taarifa, awe amechanjwa au la, na huchukuliwa sampuli mbili za choo zenye kupishana kwa saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze. Baada ya hapo virusi huanza kupungua na ukweli hutoweka pamoja navyo. Kila siku mgonjwa anayobaki nyumbani hupunguza nafasi ya kuujua.

Una haki ya kuuliza majibu. Rudi kituoni uliza taarifa imefikia wapi. Ukiona imekwama, tumia namba za simu zilizochapwa nyuma ya kijitabu hiki. Nanyi wahudumu, tunawasihi: fomu ya taarifa si hati ya mashtaka. Anayeijaza hakiri kosa, na mahali pasipotoa taarifa hata moja kwa miaka hapawi salama zaidi kwa sababu hiyo.

7. Dozi inayofuata

Degedege fupi la homa baada ya chanjo ya surua si kizuizi cha dozi ya miezi 18. Mhudumu aelezwe, na mzazi ashauriwe namna ya kuitunza homa. Lakini aliyepatwa na mzio mkali wa kutishia uhai asirudiwe chanjo hiyo, na mtoto aliyepata maradhi ya ubongo yasiyo na chanzo kingine ndani ya siku saba baada ya chanjo yenye kifaduro asipewe tena kinga hiyo ya kifaduro. Aliyewahi kuugua Guillain-Barré muda mfupi baada ya chanjo aamuliwe na daktari. Maamuzi haya hayafai kufanywa kwa uvumi wa sokoni, wala kwa mhudumu kumkemea mzazi.

Sasa turudi Nyakahanga. Mtoto alipimwa, na kipimo hakikuonesha malaria wala dalili za uti wa mgongo. Siku ya nane yaoana na homa ya chanjo ya surua. Hivyo mama mkwe hakukosea kuitaja sindano, jirani hakukosea kuhofia malaria, na baba alikuwa na haki ya kuuliza. Mama aliandikiwa taarifa, akaelezwa kwamba surua yenyewe huleta homa kali zaidi na huweza kuuvimbisha ubongo, na kwamba mwanawe anahitaji dozi ya pili. Anarudi nyumbani akiwa na neno la kumwambia kila mmoja wao.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kuna tofauti gani kati ya tukio “baada ya chanjo” na athari “kwa sababu ya chanjo”?
2. Kwa nini degedege la siku ya nane baada ya chanjo ya surua lina maana tofauti na la usiku wa kwanza?
3. Mtoto wa miaka minne ameamka akiwa na mguu mlegevu. Ni nani aelezwe, na kwa nini siku 14 zina uzito?
4. Katika kijiji chenu, ni jambo gani huwazuia watu kutoa taarifa, na nani anaweza kuliondoa?